Kelele Ina Kwao

Nyumbani kwetu redio ilikaa dirishani juu ya kitambaa cha kufuma, na betri zake zilipochoka tulizianika juani pamoja na mahindi. Saa moja jioni hakuna aliyethubutu kufungua kinywa, kwa kuwa baba alikuwa akisikiliza taarifa ya habari. Mtu mmoja tu hakunyamazishika: jirani mwenye pikipiki. Alipopita barabarani, sauti ya msomaji ilimezwa na mtatariko, ta-ta-ta-ta, kama chumvi iliyonyunyizwa motoni, ukakaribia, ukapita, ukafifia kuelekea sokoni. Baba alisonya. Mimi nilibaki nikijiuliza pikipiki iliyopita nje imeingiaje ndani ya redio.

Nilijibiwa miaka mingi baadaye, nimelala chali chini ya dashibodi ya Cessna 182 kuukuu, tochi mdomoni, katika hanga moja kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndege hiyo ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa imenizidi umri. Rubani wake alilalamika kwamba redio inakwaruza. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alisimama mlangoni akaniambia, "Kijana, usiguse kitu. Kwanza sikiliza. Kelele ina kwao, kama mtu."

Redio yenyewe ilizaliwa na cheche. Mwaka 1887, huko Karlsruhe, Ujerumani, Heinrich Hertz alirusha cheche katika mwanya mdogo kati ya vipande viwili vya chuma, akaona cheche nyingine, hafifu mno, ikiruka kwenye pete ya waya iliyokuwa kando, bila kitu chochote kuziunganisha. Marconi naye alipoanza kutuma ujumbe hewani alitumia cheche. Basi kila injini ya petroli yenye plagi ni kituo cha redio cha kizamani, kinachotangaza bila mtangazaji. Jirani yetu alikuwa akirusha matangazo hadi dirishani kwa baba na hakujua.

Injini ya ile Cessna ina silinda sita, na kila silinda ina plagi mbili, kwa sababu injini ya ndege hupewa magneto mbili, vyombo vinavyozalisha umeme wa cheche, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, plagi hizo hupiga cheche 240 kila sekunde, kila moja ikisukumwa na maelfu ya volti. Hatua mbili tu nyuma yake imekaa redio inayojaribu kusikia sauti ya mnara wa kuongozea ndege, sauti ambayo ikifika huwa imebaki sehemu chache za milioni za volti moja. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na katika ndege ndogo hakuna fumbo ndani ya maneno hayo. Radi haina hatia, milima haina hatia. Anayemziba rubani masikio ni injini ileile inayomshikilia angani.

Huwa naulizwa kwa nini ndege zisihamie FM, ambayo haikwaruzi. Redio za ndege huzungumza kati ya megahezi 118 na 137 kwa AM, njia ileile ya redio ya baba. AM hubeba sauti katika ukubwa wa wimbi, na cheche nayo ni mruko wa ghafla wa ukubwa, kwa hiyo redio huipokea kama vile inavyompokea mtu anayesema. Lakini FM ikikutana na sauti mbili kwa pamoja humchukua mwenye nguvu, na mnyonge humfuta kana kwamba hakuwahi kusema. AM haimfuti mtu. Wawili wakisema kwa mpigo mmoja utasikia mluzi, utasikia vurugu, na vurugu hiyo itakuarifu kwamba yupo mwingine hewani. Mimi naiheshimu AM kwa sababu hiyo. Imekubali kuudhiwa na kila cheche ili isimpoteze mtu wa mbali.

Hata hivyo mluzi unaweza kuua. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, mnara na marubani wa Pan Am walisema kwa wakati mmoja. Marubani wa KLM, waliokuwa wameanza kukimbiza ndege yao ndani ya ukungu ili waruke, walisikia mlio mkali mahali palipokuwa na maneno ambayo yangewazuia. Ndege hizo mbili ziligongana, na watu 583 walikufa. Mlio ule haukutoka kwenye plagi wala magneto, lakini rubani akiniambia redio yake "inakwaruza kidogo tu, nimeshazoea," ndio huo unaonijia. Kuzoea ndiko kunakonitia hofu. Mtu huanza kwa kupunguza sauti, kisha anaziba mkwaruzo kwa kitufe cha kunyamazishia redio, na mwisho hununua hedifoni za bei kali zinazozuia ngurumo. Hedifoni hizo ni nzuri sana kwa ngurumo ya injini inayopita hewani hadi sikioni. Kwa kelele iliyokwisha kuingia redioni hazifai kitu, kwani imepanda gari moja na sauti ya mwongozaji ndege, na vinashuka pamoja.

Mzee alianza uchunguzi kwa kufungua waya wa antena nyuma ya redio. Kelele ikikatika, maana yake ilikuwa ikiingia kwa mlango wa mbele: inasafiri hewani, antena inaiokota. Isipokatika, basi imepitia mlango wa uani, kwenye nyaya za umeme au za hedifoni. Nimeona redio nzima ikibadilishwa, kwa pesa ambazo zingemsomesha mtoto, kabla ya yeyote kuuliza swali hili lisilogharimu hata shilingi.

Baada ya hapo hufuata kuwatambua wenye kelele kwa sauti zao, na hapa ndipo kazi ilipoanza kunikaa moyoni. Magneto hutatarika, na mtatariko huenda mbio kadiri injini inavyoenda mbio. Alteneta haitatariki, inaimba: mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na injini, na ukiizima kwa nukta chache huku betri ikibeba mzigo, wimbo unakatwa katikati ya neno. Jenereta za zamani, zenye brashi za kaboni, huchakacha kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Kidhibiti volti cha zamani, kile chenye vidole vinavyogusana na kuachana, hugonga pasipo mpango, kama mjusi darini. Taa za kumweka kwenye ncha za mabawa ndizo rahisi kuliko zote: mluzi hupanda, hupanda, halafu pa, kisha huanza upya. Zipo pia kelele zinazotokana na tundu za maikrofoni na hedifoni kugusa bati la dashibodi, hata ethi, yaani muunganiko wa umeme na mwili wa ndege, ikawa mahali pawili badala ya pamoja, na umeme wa vyombo vingine ukapita njia ya sauti. Dawa yake ni washa ndogo za kuzuia umeme kila upande wa tundu. Nimeona washa za thamani ya andazi zikimaliza ugonjwa wa miaka.

Kifaa alichokipenda mzee hakikuwa cha ndege. Kilikuwa redio ya mkono ya tranzista, ya AM, aliyoizungusha hadi mahali pasipo na kituo chochote, ikabaki inavuma pole. Aliipitisha juu ya nyaya kama daktari anayepitisha kifaa chake kifuani mwa mgonjwa, na ilipofika jirani na mkosaji ilipiga kelele. Mara ya kwanza kuiona nilicheka kwa furaha. Ndiyo redio ya dirishani kwetu, na sasa inatumwa kumtafuta mwenye pikipiki.

Si kila ugonjwa ni kelele inayozidi. Upo pia wa sauti inayopungua, hata kelele ndogo ikaonekana kubwa. Ndege zinazolala Malindi au Lamu huletwa zikiwa na unga mweupe chini ya kitako cha antena, alumini iliyoliwa na hewa ya chumvi. Antena inahitaji bati la ndege liwe mwenzake. Unga ule ukiwatenganisha, sauti inafifia na kila uchafu unapata nafasi. Hapo hakuna ufundi wa ajabu: unafungua, unasugua kwa msasa hadi chuma king'ae, unakaza, unaziba maji yasiingie. Piper Super Cub, zile zinazoruka chini chini juu ya Tsavo kulinda wanyamapori, zina shida ya namna yake, kwa kuwa mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa. Antena iliyosimikwa juu ya kitambaa haina pa kuegemea, na fundi analazimika kuitandikia karatasi ya alumini ndani, yapata sentimita 60 kila upande, robo ya urefu wa wimbi. Mwenye kuifungua ndege baada yako huenda akadhani mtu alisahau karatasi ya kufungia nyama.

Siku hizi wamekuja wageni. Chaja ya simu ya bei rahisi iliyochomekwa kwenye tundu la kiberiti, au taa ya LED iliyofungwa kwa nia njema ya kuokoa betri, ina ndani yake sekiti inayowasha na kuzima umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Haitatariki, haiimbi, inatandaza shuuu moja juu ya masafa yote, na rubani anafikiri redio imezeeka. Kwa hiyo kabla ya kufungua skrubu yoyote, mimi humwomba rubani aondoe mfukoni na ukutani kila kitu ambacho ndege haikuzaliwa nacho.

Turudi kwenye ile Cessna. Antena ilipofunguliwa, mtatariko ulikoma: mlango wa mbele. Tukaisukuma nje hadi uwanjani, tukarudisha waya, rubani akawasha injini na kuipandisha hadi mizunguko 1,700. Mzee alikaa kando yake, mimi nyuma, sote tumevaa hedifoni. Swichi ikawekwa magneto ya kushoto peke yake. Kimya, safi kama maji ya mtungini. Ikawekwa ya kulia. Ta-ta-ta-ta. Mzee alinyoosha kidole kuelekea injini, upande wa kulia, hakusema kitu.

Ili msomaji aelewe tulichokikuta, lazima niseme jinsi magneto inavyozimwa. Magneto haichukui umeme kwenye betri. Inautengeneza yenyewe kwa kuzungushwa na injini. Kwa hiyo swichi haiwezi kuikatia umeme. Inachofanya ni kuiunganisha na mwili wa injini kwa waya mmoja, cheche zikakosa nguvu ya kuruka. Waya huo ukikatika, swichi itasoma imezimwa, ufunguo utakuwa mfukoni mwa rubani, na magneto itakuwa macho. Mtu akisogeza panga la ndege kwa mkono, silinda yoyote iliyobaki na mvuke wa petroli inaweza kuwaka, na panga litageuka kabla hajajua.

Waya huo huvikwa koti la nyuzi za shaba zilizosukwa ili kelele zisitoke nje. Tulipofungua bonneti, tuliukuta umesuguana na kibano chake kwa miaka. Koti lilikuwa limechanika na kuachana na magneto, ndipo mtatariko ulipopata pa kutokea. Mzee alilifunua taratibu kwa kucha. Ndani, waya wenyewe, ule wa kuzimia, ulikuwa umeshikiliwa na nyuzi mbili au tatu. Rubani alikuja akasimama nasi. Asubuhi ileile, ndege ikiwa kwenye maegesho, alikuwa ameshika panga kwa mikono miwili na kulizungusha ili apate nafasi ya kuisukuma.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Matatu zilipiga honi barabara ya Lang'ata, na upande wa pili, kwenye mbuga, ndege wa asili waliendelea na yao. Wiki kadhaa kelele ile ilikuwa ikimwambia rubani jambo moja kila alipowasha injini, naye akawa anapunguza sauti.

Mzee hakuunga. Alitoa waya wote, akavuta mpya toka swichi hadi magneto, akalifunga koti la shaba vizuri upande wa magneto, akahamishia kibano mahali ambapo waya hauwezi kusuguana nacho. Alikagua na wa kushoto, ingawa haukuwa umelalamika. Kisha akaandika kwenye kitabu cha ndege kwa mwandiko wake wa shule ya zamani.

Jioni tuliiwasha tena. Injini ilinguruma, hedifoni zikanyamaza. Nilingoja mtatariko kama mtu anayengoja hatua za mgeni aliyeahidi kuja. Badala yake ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba, ya mbali mno, rubani aliyekuwa juu ya Magadi akimpa mwongozaji kimo chake na saa anayotarajia kufika. Kila tarakimu ilisikika. Mzee aliinua mkono tusizime injini, akafumba macho, akabaki akimsikiliza hadi alipomaliza.