Gramu kwa Gramu

Mwaka 2007, kampuni ya Mazda ya Japani ilitoa Demio mpya iliyokuwa nyepesi kuliko ile ya zamani kwa takriban kilo 100. Hilo si jambo la kawaida, kwani magari hunenepa toleo baada ya toleo. Mhandisi wa viti huongeza kidogo, wa milango kidogo, wa usalama kidogo, kila mmoja kwa sababu nzuri. Haba na haba hujaza kibaba, na uzito ulioingia hivyo hutolewa hivyohivyo.

Demio za aina hiyo zimejaa Nairobi na Dar es Salaam, lakini ufundi wenyewe umejificha. Bodi ilitumia zaidi chuma kigumu, ili bati jembamba libebe mzigo uleule. Urefu ulipunguzwa kwa milimita 40. Hata spika za milangoni hazikusahauliwa: ziliwekewa sumaku za neodimiamu, ambazo zina nguvu nyingi kwa udogo wake, hivyo muziki ukabaki na uzito ukaondoka.

Katika MX-5, gari lao dogo la michezo, wahandisi wa Mazda walikuwa wameshafika mbali zaidi. Walipoandaa toleo la 2005, walikichukua kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, wakarahisisha umbo lake na kupunguza gramu 84. Toleo la 2015 likashikilia kila gurudumu kwa nati nne badala ya tano. Mtu atauliza, nati moja ni nini? Lakini nati inapoondoka, huondoka na boliti yake. Tena uzito wa gurudumu una gharama ya pekee: injini huusukuma mbele na papo hapo kuuzungusha, na springi haziubebi, kwa hiyo kila shimo la barabarani huurusha juu pamoja na tairi.

Uvumilivu huu hulipa kwa riba. Gari likiwa jepesi, injini ndogo hutosha. Breki nazo hupungua, na tairi pia, na kila kilichopungua hukipa kingine ruhusa ya kupungua. Ndiyo maana nawavulia kofia wahandisi hawa. Kuongeza nguvu za injini huonekana kwenye tangazo. Kwa kupunguza gramu 84 hakuna mteja atakayekushukuru, ingawa kila siku ataokoa mafuta, atasimama mapema na kukata kona kwa wepesi. Kazi ya namna hiyo inastahili kutajwa.