Wimbo wa Rinckart na Matumizi Yake Msibani

Katika mahubiri ya mazishi tumesikia mara nyingi habari za Martin Rinckart, mchungaji wa mji wa Eilenburg huko Ujerumani, aliyetunga wimbo wa shukrani "Nun danket alle Gott". Husimuliwa kwamba mwaka 1637, Vita vya Miaka Thelathini vikiendelea, tauni iliingia katika mji ule uliojaa wakimbizi, naye akazika watu zaidi ya 4,000, akiwamo mkewe. Kisha akatoka makaburini, akaketi, akauandika wimbo huo. Ndipo waliofiwa huambiwa: Ikiwa yeye aliweza kushukuru, mbona ninyi mwalia?

Habari za makaburi ni za kweli. Habari za kuandika wimbo baada yake hazina msingi. Wataalamu wengi wa nyimbo za Kanisa huona kwamba ulitungwa kabla ya tauni, na chapa ya mwaka 1663 yauita sala fupi ya mezani. Msomaji atakumbuka kwamba Luther naye aliweka sala za mezani katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ili wa nyumbani wazijue kwa moyo.

Je, kwa kusahihisha hivi tumeupunguzia wimbo nguvu? Sisi twaona kinyume. Rinckart hakubuni shukrani penye maiti; aliingia katika tauni akiwa nayo mdomoni, kwa kuwa ilikuwa imezoeleka mbele ya mkate wa kila siku.

Beti mbili za kwanza hufuata maneno ya Yoshua bin Sira, sura ya 50, na ubeti wa tatu ni sifa kwa Utatu. Ubeti wa pili, ambao sharika nyingi huuimba kwa haraka, wastahili kutazamwa. Humo shukrani imegeuka kuwa ombi: mwimbaji aomba moyo wa furaha, amani, na kuokolewa katika taabu. Aombaye amani bado hajaipata, na vita vilikuwa vimeanza tangu 1618. Basi wimbo wenyewe haumkatazi mtu kulia. Sisi wahubiri ndio tuliokataza.

Hata hivyo tuna neno juu ya wimbo huu: ombolezo halimo. Zaburi ya 88 huishia gizani, wala Kanisa halikuiondoa katika Maandiko. Aliyefiwa asipewe Rinckart peke yake.

Tulipohudumu usharikani tulimwona mama mmoja, aliyemzika mwanawe, akiinuliwa ili aimbe shukrani. Midomo yake haikufunguka, na wazee wengine wakanung'unika kwamba imani yake ni haba. Zilipopita wiki kadhaa tulimtembelea. Chakula kilipotengwa, kabla hatujasema neno, alianza mwenyewe sala ya mezani kwa sauti ndogo, nasi tukaitikia Amina.