Nunda na Wala Nyama wa Porini

Miongoni mwa hekaya za Unguja alizozichapisha Edward Steere mjini London mwaka 1870, ile ya Sultani Majinuni hukumbukwa zaidi kwa mnyama wake, Nunda mla watu. Fasiri iliyozoeleka ni kwamba Nunda ni dhalimu, na kwamba kila mla nyama katika hekaya zetu ni sura ya tamaa. Fasiri hiyo si ya uongo, ila ni finyu, na kwa mwalimu wa fasihi hapa Kibabii ufinyu huo una madhara.

Tuitazame hekaya yenyewe. Nunda hatoki mwituni. Ni paka wa nyumbani mwa Sultani, aliyeanza kwa kula mifugo, na kila raia walipolalamika Sultani alijibu kuwa paka ni wake na walioliwa ni wake. Ni wanawe walipoliwa ndipo alipomkana jina la paka. Kijana mdogo akatoka kumsaka, na miongoni mwa aliowaua akidhani ndiye Nunda ni punda milia, twiga, kifaru na ndovu, wala majani watupu! Kila mara mama yake alimwambia siye. Mhakiki anayeipita sehemu hii kwa kuiona takriri tu ya mtambaji amepoteza kiini cha hekaya. Kosa la Nunda si kula nyama. Ni kula chini ya ulinzi wa Sultani, pasipo kikomo.

Mla nyama wa porini hana Sultani. Simba akimaliza mawindo, hufa njaa. Huwakamata kwa wepesi zaidi wagonjwa, wazee na wachanga, na hofu yake huwafanya swala wasikae mahali pamoja hata majani yakaisha. Fisi na tumbusi nao huondoa mizoga. India ilijifunza haya kwa gharama kubwa: tangu miaka ya 1990 tumbusi walikufa kwa wingi kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, mizoga ikasalia, na mbwa wa mitaani wakaongezeka. Nchini Kenya mizoga imetiwa sumu ili kuwaua simba na fisi, na tumbusi wakaangamia pamoja nao. Mtega sumu huyo ni ndugu wa yule kijana, ila hana mama wa kumwambia siye.

Mwanafunzi atokaye Bungoma au Kitale hakukua kati ya wanyama hawa. Tambarare za Trans Nzoia ziligeuzwa mashamba ya mahindi na ngano tangu enzi za walowezi, na atakaye kumwona chui hana budi kupanda Mlima Elgon. Kwake yeye fisi ni namunyu wa ngano za nyanya, au tusi la kumpachika mwanasiasa mlafi.

Haikanushiki kwamba fisi wa ngano ni mlafi tena mjinga. Wala sipendekezi hekaya zigeuzwe somo la biolojia, zingechosha upesi. Lakini lugha iliyotunga methali ya simba mwenda pole kuwa ndiye mla nyama iliona kwa mnyama huyo subira, si uroho peke yake. Wanaokusanya ngano za Wabukusu na waandike, pamoja na ujinga wa namunyu, ni nyama gani alayo: ya kuwinda, ya kuiba, au mzoga ambao hakuna mwingine aliyeutaka.