Kombe, Kasisi na Ghadhabu ya Watazamaji

Kila kazi ya sanaa hupokea hukumu mbili. Ya kwanza hutolewa papo hapo, kwa makofi, kicheko au zomeo. Ya pili huja polepole, baada ya watu kupata wasaa wa kutafakari. Aghalabu hukumu hizi mbili hazipatani. Katika madarasa yetu tumezoea kumchunguza msanii: amefaulu wapi, ameshindwa wapi, ana msimamo gani. Ni mara chache tunamchunguza mtazamaji. Je, yeye hana wajibu wowote? Swali hilo ndilo ninalokusudia kulijadili, kwa kutumia mfano wa filamu fupi moja ya Ufaransa.

Filamu hiyo, La Coquille et le Clergyman, yaani Kombe na Kasisi, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza hadharani tarehe 9 Februari, 1928, katika ukumbi wa Studio des Ursulines mjini Paris. Ni filamu isiyo na sauti, yenye urefu wa dakika 40 hivi. Aliyeiongoza ni Bibi Germaine Dulac, aliyezaliwa mwaka 1882, na ambaye tayari alikuwa na jina katika sinema ya nchi yake. Aliyeandika mswada wake ni mshairi na mwigizaji Antonin Artaud, aliyezaliwa mwaka 1896.

Kisa chake si rahisi kusimulia, kwa sababu hakifuati mpango wa hadithi tuliouzoea. Kasisi mmoja yumo chumbani, anamimina maji kutoka katika kombe kubwa la baharini na kuyatia katika chupa za kioo, kisha anazivunja chupa hizo moja baada ya moja. Anaingia afisa wa jeshi, kifua kimejaa nishani, analichukua kombe na kulivunja kwa upanga. Tangu hapo kasisi hapati raha. Anatambaa barabarani kwa mikono na magoti. Anamwona afisa yule pamoja na mwanamke mzuri, naye anawafuata. Anawakuta kanisani, penye kizimba cha kuungamia, na huko anamkaba koo mpinzani wake, ambaye sasa amegeuka kuwa padri. Milango inafunguka na kufungwa. Ujia mmoja unazaa ujia mwingine. Mwanamke anaonekana na kutoweka. Mtu huyu ameshikwa na shauku isiyomwachilia, na kila anachokitazama kimegeuka kuwa alama ya shauku hiyo.

Watazamaji walilipokeaje jambo hili? Usiku ule ukumbi ulichafuka. Baadhi ya washairi wa kundi la Wasurealisti walipaza sauti katikati ya filamu, na inasimuliwa kwamba walimtupia Bibi Dulac matusi, wakamfananisha na ng'ombe. Nchini Uingereza, bodi ya ukaguzi wa filamu ilikataa isionyeshwe. Sababu iliyotolewa imekuwa mashuhuri: kwamba filamu ni fumbo mno hata inakaribia kukosa maana, na kama ina maana yoyote, basi bila shaka maana hiyo haifai. Tafakari, msomaji, mantiki ya maneno hayo. Mkaguzi hakuielewa kazi, walakini alikuwa na yakini kwamba ni mbaya.

Haki inatudai tutaje upande wa pili. Artaud mwenyewe alikuwa na manung'uniko. Mwezi wa Novemba 1927 alichapisha mswada wake pamoja na maelezo kwamba hakuwa amenakili ndoto ya mtu aliyelala, na kwamba hakutaka kazi yake ichukuliwe hivyo. Aliona kwamba mwongozaji ameigeuza fikra yake kuwa ndoto tu. Ugomvi kati ya mwandishi na mwongozaji ni jambo la kawaida katika sanaa, na yafaa uamuliwe kwa kulinganisha mswada na filamu. Lakini tusi halilinganishi kitu na kitu. Mtu aliyepiga kelele hakutuambia ni wapi Bibi Dulac aliukosea mswada.

Tena kuna jambo la kushangaza. Miezi 16 baadaye, tarehe 6 Juni, 1929, katika ukumbi ule ule, ilionyeshwa filamu ya Un Chien andalou ya Luis Buñuel na Salvador Dalí. Nayo haina hadithi inayofuatika. Buñuel alisimulia baadaye kwamba alikuwa ametia mawe mifukoni ili ajihami iwapo watu wangemshambulia. Mawe hayakuhitajika, alishangiliwa. Basi ugumu peke yake hauwezi kuwa chanzo cha ghadhabu ile ya mwaka 1928. Watu huingia ukumbini wamebeba mapenzi na chuki zao, urafiki na ugomvi wao, na dhana zao juu ya nani anastahili kusema. Leo hii wahakiki wengi wanaihesabu filamu ya Bibi Dulac kuwa ya kwanza ya mkondo wa Kisurealisti, mbele ya ile iliyopigiwa makofi.

Sisi nasi hatuna haki ya kuwacheka watu wa Paris. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wapo waliosema kwamba hayo si mashairi, wakafunga mjadala. Mimi natunga kwa vina na mizani, wala sikusudii kuviacha. Hata hivyo, kusema "hili si shairi" si kueleza shairi linasema nini. Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Methali hii inampa mwerevu kazi ya kufanya. Haimruhusu kumpiga mfumbaji.

Upo pia udhaifu wa namna ya pili, ambao ni hatari vilevile: kusifu kila kisichoeleweka kwa kuogopa kuitwa mshamba. Kutoeleweka si dalili ya kina. Kwa maoni yangu, filamu hii ina nguvu pale afisa anapojitokeza katika kila vazi, hata la padri, kwa kuwa ndivyo alivyo mtu mwenye wivu: humwona adui yake kila mahali. Ni nguvu pia kuwa aliyeshikwa na tamaa hiyo ni mtu wa ibada, maana pambano kati ya zahiri na batini linakuwa ndani ya kanzu moja. Lakini zile nyia na milango zinarudiwa kupita kiasi, na picha iliyotushtua mara ya kwanza hutuchosha mara ya nne. Haya ni maoni. Mwingine anaweza kuyapinga kwa kutazama picha zilezile.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa mtazamaji. Mwalimu anapowapa wanafunzi kazi ngumu, iwe filamu, shairi au kinyago, awatake kwanza waseme walichokiona, bila ya kuongeza wala kupunguza. Pili, wataje kinachorudiarudia, na waulize kwa nini kinarudi. Tatu ndipo wahukumu, na wawe na uhuru kamili wa kusema kwamba kazi imeshindwa, mradi waonyeshe iliposhindwa. Mwanafunzi aliyezoea kuanza na hatua ya tatu atakuwa mtu mzima wa kuhukumu kabla ya kusikia, na mtu wa namna hiyo hana madhara ukumbini tu. Atakaa barazani, atakaa ofisini, atakaa mahakamani, na huko anaowahukumu ni watu.