Wastani Hauwashi Taa Sumbawanga

Aliyejaza wastani wa mwaka kwenye safu ya mtiririko wa maji ameuharibu mradi wa umeme mdogo wa maji kabla zege halijamwagwa. Nasema juu ya ripoti ya upembuzi wa mradi huo; kampuni iliyoiandika siitaji. Upimaji wa mwanguko wa maji ni safi na hesabu ya kaya imekaa vizuri. Basi.

Turudi kwenye ile safu. Kwenye uwanda wa Ufipa, uliko mji wa Sumbawanga, mvua hunyesha Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei vijito vya ukingo wa uwanda vinanywea, na Oktoba vingine unaviruka bila kuvua viatu. Piga hesabu mwenyewe: mwanguko mita 300, ufanisi asilimia 75. Ukiweka wastani wa mita za ujazo 0.4 kwa sekunde unapata kilowati 880 hivi, weka 0.1 ya Oktoba zinabaki 220. Mchambuzi wetu kachagua wastani, kwenye karatasi akanunua mtambo mkubwa, akauza umeme miezi 12 sawasawa. Maji ya Machi yanayozidi uwezo wa mtambo yanamwagika tu, hayana mnunuzi. Ya Oktoba hayatoshi. Kwenye Excel, masika yamehamishiwa kiangazi bila bwawa! Na kiangazi ndipo mahindi yako ghalani na mashine za kusaga zinadai umeme.

Wazee wa kituo cha umeme wa maji cha Kidatu hawakufanya mchezo huu wa kuhamisha maji kwenye karatasi. Walipotaka maji ya masika yawafikie kiangazi, walijenga bwawa la Mtera huko juu kwenye Ruaha Mkuu. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ikaja 1988. Maji kwanza, mashine baadaye. Siku hizi mtu anashuka na ndege Mbeya, anapima kijito mara moja kikiwa kimefura, anarudi Dar kuandika kurasa 90.

Nimeshasema mpaka mkanichoka: Sumbawanga imeishi miaka mingi kwa umeme wa Zambia, laini ya kilovolti 66 kutoka Mbala. Ukame wa 2024 ulipolishusha bwawa la Kariba, linaloipa Zambia umeme, Wazambia wenyewe walikaa gizani saa nyingi kwa siku. Mwenye jirani wa namna hiyo anasahauje kiangazi?

Utajiri wa Ufipa ni mwanguko, kutoka mita 1,800 hivi za uwanda hadi 800 hivi za Ziwa Rukwa. Maji kidogo yanatosha ukiyaheshimu. Pima Oktoba, funga mtambo wa kilowati 220, ongeza paneli za kukamata jua la kiangazi. Mapato yatapungua kwenye karatasi, ila mkopo utalipika. Jedwali la sasa lisifike benki.