Kinachosafiri Kutoka Kericho

Mtaalamu wa chai wa Mufindi au Rungwe akitumwa Kericho kikazi, hurudi na daftari la vipimo vya kiwandani na mfuko wa zawadi. Daftari litapitiwa na wakubwa wake. Mfuko hakuna atakayeupitia, na ndio ninaotaka kuupitia hapa, kwa sababu vitu viwili ambavyo mgeni huviulizia kwanza huko Kericho na Bomet, chai na mursik, maziwa yanayochachushwa kibuyuni, vyote hutokana na kuchacha. Namna kila kimoja kinavyochacha ndiyo inayoamua kipi kifungwe safarini na kipi kinywewe kabla ya kupanda gari.

Anayeingia Kenya kwa mpaka wa Sirari hupita Migori, Kisii, Keroka na Sotik, na kuanzia Kapkatet hadi Litein chai huwa imeshika pande zote mbili za barabara. Tanzania si mgeni kabisa hapo. Kituo cha utafiti wa chai kilichoko Kericho kiliwahi kuwa taasisi ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 msingi wake uliondoka, na mwaka 1980 kikawa cha Kenya peke yake. Mengi tuliyoyajua kuhusu mbolea na miche ya chai yalipikwa pale.

Tuanze na chai. Kericho iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, baridi yake ni ya wastani, na mawingu yanayotoka upande wa Ziwa Victoria huleta mvua alasiri kwa sehemu kubwa ya mwaka. Jani linapofika kiwandani zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Hutandazwa kwenye vihori virefu vinavyopulizwa hewa kutoka chini, likanyauka kwa saa 12 hadi 18, mpaka maji yabaki kama asilimia 70. Hapo linakuwa laini, halivunjiki likikunjwa. Kisha linaingia kwenye mashine ya CTC, iliyobuniwa Assam, India, katika miaka ya 1930: roli mbili zenye meno, zinazozunguka kwa kasi tofauti, hulikata, hulichana na kulikunja kuwa chembe.

Kinachofuata ndicho kiini cha kazi yote. Seli zikishapasuka, vimeng'enya vya jani hukutana na polifenoli zake mbele ya oksijeni. Hakuna bakteria anayehitajika. Chembe za kijani hugeuka rangi ya shaba, na ndani yake theaflavini huanza kujengeka. Hizo ndizo zinazoipa chai wekundu mng'avu na ule ukali unaoamsha ulimi. Zinapanda, zinafika kilele, kisha zinashuka na kugeuka vitu vizito zaidi, na chai inakuwa nyeusi iliyopoa ladha. Kwa chai ya CTC kilele huja baada ya saa moja au saa moja na nusu hivi, kutegemea joto na mche. Msimamizi wa zamu hunusa, hutazama rangi, hutazama saa, kisha huipeleka chai kwenye kikaushio ambako hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 100 huua kimeng'enya na kushusha maji hadi karibu asilimia 3. Kazi imesimamishwa mahali palipochaguliwa, na itabaki hapo kwa miezi mingi ikilindwa dhidi ya unyevu. Takriban kilo nne na nusu za majani mabichi zimekuwa kilo moja.

Kwa hiyo mwenye zawadi ya chai asiulize kwanza uzuri wa kopo. Aulize daraja na tarehe. Chekecheo za kiwandani hutenga BP1, chembe kubwa zinazopendwa sana na wanunuzi wa Pakistan. PF1, ndogo zaidi, zinazotoa rangi haraka na kujaza vifuko vya chai duniani. Halafu PD na D1, laini zaidi. Kwa nyumba inayochemsha chai na maziwa kama zilivyo nyingi kwetu, mimi nachagua PF1 bila kusita. Inatoa nguvu kabla maziwa hayajafurika, na ukali wake haumezwi.

Jina la Kericho juu ya pakiti halisemi ilikofungiwa. Mnada wa chai ya kanda hii uko Mombasa tangu 1969, na huko kuna wafungashaji wanaochanganya chai za viwanda vingi ili ladha isibadilike mwaka mzima. Huo ni ustadi wa kweli. Kampuni ya Ketepa, iliyo na kiwanda chake mjini Kericho, nayo huchanganya. Lakini aliyekuja kusoma jinsi mlima mmoja unavyotofautiana na mwingine atafaidika zaidi na pakiti ya kawaida iliyonunuliwa mlangoni mwa kiwanda cha wakulima: Momul au Litein upande wa Kericho, Kapkoros au Mogogosiek upande wa Bomet. Chukua chembe kidogo, zifinye kati ya kidole gumba na cha shahada. Zikivunjika kavu, ni nzima. Zikinepa, zimekwisha kuvuta unyevu.

Chai ya zambarau inastahili mfuko wake peke yake. Mche wa TRFK 306 ulitolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, na rangi yake hutokana na anthosianini zilizo ndani ya jani. Aghalabu huandaliwa bila kuchachuliwa, ndiyo maana maziwa hayaifai. Ikamulie limau uone inavyogeuka waridi. Tatizo langu ni kwamba wengi huinunua kama dawa. Ni kinywaji kizuri, na kazi ya miaka mingi ya uzalishaji wa mbegu. Sifa hiyo inatosha.

Sasa mezani. Kimyet, ugali wa nchi hii, huja na mgagani uliochemshwa kwa muda mrefu na kumaliziwa kwa maziwa, maana uchungu wake hauondoki kwa haraka, na pembeni huja mursik. Maziwa huchemshwa, hupozwa, humiminwa kwenye kibuyu, sotet, kilichotayarishwa kwa kaa la moto la mti wa senetwet. Kaa husagwa ukutani kwa ndani kwa ufagio mrefu wa ukindu unaoitwa sosiot, mpaka vinyweleo vya kibuyu vipakwe unga mweusi. Hapa bakteria wa asidi ya laktiki ndio wafanyakazi. Baada ya siku chache, au wiki, maziwa yameganda, yana mistari ya kijivu-buluu na harufu ya moshi. Hakuna kikaushio kinachowasimamisha bakteria hao. Wanaendelea kwenye chupa, kwenye basi, kwenye foleni ya mpakani, na gesi yao husukuma kifuniko. Mursik haisafirishwi. Inywewe Litein au Bomet mjini, siku inapomiminwa kutoka kibuyuni.

Lipo jambo la kusemwa kwa heshima. Bomet ni eneo lenye saratani nyingi za umio, na hospitali ya Tenwek imezitibu kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta asetaldehaidi kwenye sampuli za mursik kutoka magharibi mwa Kenya, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, katika kundi la vinavyoelekea kusababisha ugonjwa huo. Sababu za ugonjwa huo ni nyingi na hazijafungwa kwa chungu kimoja. Kwa mgeni, hatua ni rahisi: kibuyu safi, kiasi cha wastani, na chai iachwe ipoe kidogo.

Kinachosafiri ni kibuyu chenyewe. Vile vya shanga vinavyopangwa kando ya barabara vimetengenezwa kwa ukuta wa sebule. Kama unataka cha kutumia, ingiza pua mdomoni mwake: kikinuka vanishi, kiache, kikinuka moshi, kilipie. Kiwe kikavu kabisa, bila mbegu zinazocheza ndani, kwa kuwa mkaguzi wa mimea mpakani ana haki ya kukiuliza. Chai ya biashara ndogo ina nafuu yake: bidhaa zilizotokana na nchi za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 huvuka kwa cheti rahisi cha uasilia, kinachopatikana hapohapo mpakani.

Muuzaji atakupa pia vipande vya mkaa wa senetwet vilivyofungwa kwenye karatasi. Vichukue, ila usihofu vikiisha. Mti huo, Senna didymobotrya kwa jina la kitaalamu, wenye maua ya njano yaliyosimama wima, huota pia katika nyanda za juu za Tanzania, na tawi lililokauka vizuri litawaka Mufindi kama linavyowaka Kapkatet.