Mimbari Chini ya Kuba

Wanaofundisha habari za makanisa ya Kibizanti hupenda kuanza na kuba la Hagia Sophia, kule Konstantinopoli, wala si rahisi kuwalaumu. Upana wake wakaribia meta 31, na kilele chake ki meta 55 hivi juu ya sakafu. Anthemius wa Tralles na Isidore wa Mileto walilikalisha juu ya matao manne, pembe za mraba wakizijaza kwa pembetatu zilizopinda, zipelekazo uzito kwenye nguzo nne kubwa. Madirisha 40 yalizunguka tako la kuba, hata aliye ndani aliona kana kwamba limekaa juu ya nuru.

Lakini sifa hizo zikisimama peke yake hupotosha. Kanisa lililotangulia liliteketea katika ghasia za Nika, Januari 532, na Procopius aandika kwamba waliouawa na majeshi ya Kaisari Justinian walizidi 30,000. Ujenzi ulianza Februari ya mwaka uo huo. Wakfu ukafanyika Desemba 537. Haraka hiyo ilikuwa ya enzi kuliko ya ibada. Mwaka 558, baada ya matetemeko ya ardhi, sehemu ya kuba ilianguka, ikaponda madhabahu na mimbari pia. Isidore Mdogo alilijenga upya, akiliinua zaidi.

Mimbari hiyo ndiyo ningependa wanafunzi wetu waitafakari. Ilisimama karibu na katikati ya ukumbi, mbali na madhabahu, ikiunganishwa nayo kwa njia nyembamba. Paulus Silentiarius, aliyelitungia kanisa utenzi wa sifa baada ya kufunguliwa tena mwaka 562, aifananisha na kisiwa baharini. Asema kwamba msomaji aliporudi na kitabu cha Injili, watu walisongamana wakigusie. Jengo limekuwa msikiti mwaka 1453, kisha makumbusho, na msikiti tena mwaka 2020. Mimbari yenyewe haipo, twaijua hasa kwa utenzi huo.

Usharika ujengao kwa matofali na bati katika nchi ya mkonge, kama Hale, hauhitaji kuba. Hata hivyo kamati zetu za ujenzi hutangulia kujadili urefu wa mnara (na gharama ya kengele!), huku mahali pa kusomea Neno pakiachiwa fundi. Naye fundi, asipoambiwa neno, hupaweka ukutani, mbali na watu, penye giza.